Majibu Saba ya Jikoni

"Kwa hiyo mwanangu ni mwongo?" nilisema, na vumbi la chaki lililokuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha likayumba, kana kwamba nalo limefokewa.

"Sijasema mwongo, mama. Nimesema amekariri."

"Kukariri ni kosa siku hizi? Mbona jedwali la kuzidisha mnawakaririsha?"

Mwalimu wa ushauri hakucheka. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, mimi kwenye kingine, magoti yetu yamepanda hadi kifuani, watu wazima wawili tukigombana kwa kimo cha darasa la pili. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Sasa kuta zimepakwa rangi ya njano, mkeka umetandikwa, na mlangoni imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: Hapa hakuna jibu lisilo sahihi. Nilipoisoma nikiingia niliguna. Shule gani hiyo isiyo na makosa?

Wewe ulikuwa nje, mwanangu, kwenye benchi la barazani. Nilikuona kupitia upenyo wa mlango: miguu miwili isiyofika chini, soksi moja imepanda, moja imeshuka, begi mgongoni.

Begi hilo ndilo lililotufikisha pale. Wiki ya tatu sasa, ulikuwa hulivui. Darasani mgongoni, msalani mgongoni, kwenye kamba ya kuruka mgongoni, vitabu vikiruka pamoja nawe, vikitua pamoja nawe. Mwalimu wako wa darasa akakupeleka kwa mwalimu wa ushauri. Barua ikaja nyumbani. Nami, badala ya kukuuliza, nikakuandaa.

Mimi ni mtu wa kuandaa. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nafanya kazi masjala ya hospitali: kila mgonjwa na jalada lake, kila jalada na rafu yake. Karatasi inayozagaa inaniwasha mwili. Basi nikaikunja nyumba yetu, nikaitia kwenye jalada. Maswali saba, majibu saba. Kila asubuhi mimi naosha vyombo, wewe umesimama kando ya sinki na sare yako, povu linanirukia mikononi, maneno yanakurukia mdomoni.

Baba yuko wapi? Safari ya kikazi. Sauti juu. Safari ya kikazi. Nyumbani mnaishije? Kwa amani na... na... Rudia. Kwa amani na upendo. Biskuti moja kwa jibu moja, na ukikosea la tano, tunarudi la kwanza.

Nilikufundisha vizuri.

"Nilimuuliza asubuhi amekula nini," mwalimu akasema. "Akanijibu, 'Baba yuko safari ya kikazi na anatusalimia sana.' Nikamuuliza anapenda rangi gani. 'Nyumbani tunaishi kwa amani na upendo.' Mama, nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii. Mtoto wa miaka saba hakuambii amani na upendo. Anakuambia paka ametapika kwenye kiatu."

"Ana lugha nzuri. Amerithi."

"Amerithi kwa nani?"

Mdomo wangu huu unaojulikana mtaa mzima, mdomo uliowahi kumrudisha daktari mkuu mlangoni kwa sababu hakusainia jalada, ukamuuliza kengele inalia saa ngapi.

"Jana alipotea katikati," akaendelea, sauti yake imeshuka sasa. "Baada ya la nne akasema la sita. Akajiziba mdomo. Akaniambia, 'Mwalimu, tuanze upya, nimekosea namba.' Nikamwambia hapa hakuna namba. Akalia, mama. Akasema, 'Usimwambie mama. Mama atanirudisha mwanzo.'"

Nilikufundisha vizuri.

Kuna aibu ninayoijua. Ile ya majirani wanaosalimia huku macho yanahesabu viatu mlangoni. Ile ya wenzangu wa masjala wanaoniuliza, "Shemeji hajambo?" na jibu wanalo tayari. Aibu hiyo naiweza: navaa miwani, natembea haraka, napita. Lakini hii ya chumba kile sikuwa nimekutana nayo. Aibu ya kuogopwa na mtu ambaye kifungo cha shingoni bado namfungia mimi.

Sikia, mwanangu. Baba yako hakusafiri. Alihama. Tulirushiana maneno mpaka maneno yakaisha, akabeba sanduku, akapanga chumba ng'ambo ya soko, dakika ishirini kwa miguu. Ishirini tu. Na kila jioni, saa moja, anapiga simu kukuulizia, na kila jioni namwambia umelala. Saa moja, mwanangu, na wewe uko sebuleni unaimba! Nilikuwa natoka kwenda uani na simu, nafunga mlango nyuma yangu, wimbo wako usimfikie.

Na wewe nikakuambia: akirudi safari, atakuja mwenyewe kukuchukua shuleni.

Nilisema hivyo siku moja tu, nikitafuta funguo, ili uache kuuliza. Wewe ukaliweka neno hilo pale ulipoweka maneno yangu yote. Ukafunga begi, ukalivaa, ukasubiri. Asije akafika mlangoni akakuta hujawa tayari.

Nilimficha kwako, nikakuficha kwake, nikasimama katikati nikiwa komeo, nikajiita mama.

"Mambo ya nyumbani kwako sikuulizi," mwalimu akasema. "Nauliza kitu kimoja. Ana ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kusema. Asipoipata kwako, hataipata kwangu. Nitakaa naye kwenye mkeka huu mpaka amalize darasa la saba, na siku ya mwisho atakuwa ananipa jibu la saba."

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini mwangu: nitalifikiria, nina zamu, tupange wiki ijayo. Nalijua jibu hilo. Ndilo ninalowapa watu dirishani jalada linapopotea.

"Mwite," nikasema.

Ukaingia. Ukanitazama mimi kwanza, ukamtazama mwalimu, ukarudi kwangu. Ukasimama wima, mikono nyuma, visigino vimebanana, jinsi unavyosimama kando ya sinki. Hakuna aliyekuwa amekuuliza kitu.

"Baba yuko safari ya kikazi," ukaanza.

Mwili wangu wote ukawaka. Nikashuka kwenye kile kiti, nikakaa mkekani, uso wangu chini ya uso wako.

"Hayuko safari, mama'angu. Baba amehama. Anakaa ng'ambo ya soko. Tuligombana mimi na yeye, wewe humo hukuwamo. Niliona aibu watu wakijua, nikakupa wewe uibebe."

Ukakunja uso. Ukatafuta. Niliona midomo yako ikihesabu.

"Hilo ni la ngapi?"

"Halina namba."

Mwalimu aligeukia dirisha, akatupatia mgongo wake kama mtu anavyotoa kanga ya kujisitiri. Uwanjani watoto walikuwa wanapigia kelele mpira. Kisha maswali yakaanza kutoka, na hakuna hata moja kati yake nililokuwa nimekuandalia.

"Ana kitanda?"

"Anacho."

"Anajua jino langu limeota?"

"Hajui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu akipiga simu namwambia umelala."

"Lakini mimi huwa sijalala."

"Najua."

"Sasa nani alikuwa amelala?"

Ningeweza kukuahidi. Jumamosi, ningesema, saa nne, uvae lile gauni la bluu, na ukifika useme hivi na hivi. Orodha ilikuwa imeshaanza kujipanga kichwani, moja, mbili, tatu, naijua tabia yangu. Ilikuwa saa nane mchana, yeye yuko kazini, na tangu abebe sanduku sikuwa nimempigia hata mara moja. Niliapa hata nikifa atapigiwa na watu wengine.

Nikatoa simu kwenye pochi. Nikalitafuta jina lake. Nikabonyeza.

Ikaita. Ikaita tena. Nikakuwekea simu sikioni.

"Haloo?" akasema, kwa woga, akidhani ni mimi. "Kuna nini? Mtoto mzima?"

Ukavuta pumzi. Macho yako yakaja kwangu, yakakaa kidogo, yakaondoka. Kisha ukaanza kuongea, na hukuniuliza useme nini.