Abrahamu Apata Mtoto

Ukungu wa Njombe kila mtu anaujua, ndiyo maana Dorika hakushtuka. Mwaka ule wa hamsini na mbili uliteremka Mjimwema mwezi wa sita kama kawaida, ukafunika misitu ya miwati na mashamba ya viazi. Mwezi wa tisa, wenzake wote walipokuwa wakianika mablanketi juani, yeye alikuwa bado anauona.

"Mwaka huu ukungu umehamia kabisa," alimwambia mumewe. Abrahamu akatazama mbingu ya buluu isiyo na doa, akaitikia, "Kabisa." Mke uliyekaa naye miaka arobaini humbishii habari za hali ya hewa.

Hata siku alipoamkia kwa heshima zote, "Kamwene, mchungaji!" na mchungaji asiitike kwa kuwa alikuwa rundo la magome ya miwati, Dorika alisema tu kwamba wachungaji wa siku hizi wana majivuno.

Mwezi wa kumi akapanda lori kwenda Makambako kumtazama binti yake, Yunisi, aliyekuwa amejifungua. Yunisi alimwona mama yake akimimina chai nje ya kikombe, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakungoja ya tatu. Akamshika mkono hadi sokoni, ambako alikuwa amefika dresa wa macho, yaani mganga msaidizi, bwana Silvesta, akamweka kwenye foleni na kukimbia kumnyonyesha mwanawe.

Silvesta alikuwa Mbondei wa Muheza, na Kiswahili chake kilikwenda mbio kama maji ya mteremko. Dorika alikuwa na Kiswahili cha kuuzia viazi tu, lakini alitega sikio. Alimsikia akimwambia mama mmoja amnawishe mwanawe uso kwa maji safi na sabuni, ampake dawa ya manjano, na kila mtu nyumbani awe na kitambaa chake, maana macho mekundu yenye tongotongo huambukiza nyumba nzima. Akamsikia akimfokea mzee aliyekamulia majani jichoni: "Babu, jicho si kidonda cha ng'ombe!"

Zamu yake ikafika. Silvesta akamfunua kope, akamulika tochi.

"Bibi, una mtoto. Tena huyu amekomaa! Dawa ya kumfukuza hakuna, ni kutolewa tu. Daktari atakuwa hospitali ya misheni mwezi ujao, Ijumaa ya mwisho anaondoka na harudi mpaka mwakani. Usichelewe, atakuharibia." Akampa cheti.

Dorika akajipapasa tumbo. Kwa kadiri alivyojua, mlikuwa na viazi tu, na miaka yake ilikuwa sitini na kitu. Kwa Yunisi hakufungua mdomo. Utamwambiaje binti anayenyonyesha kwamba na wewe umo?

Alimwambia Abrahamu. Mume mwingine angecheka, lakini huyu alikuwa Mlutheri aliyebatizwa jina hilo, na kitabu cha Mwanzo alikijua kwa moyo. Akasimama, akavua kofia.

"Yule wa kwanza alikuwa na miaka mia," akasema polepole. "Mimi nina sabini. Nimewahi."

"Lakini dresa kasema atolewe."

"Atolewe? Mtoto wa ahadi? Mpagani mkubwa huyo! Huendi." Akakitazama cheti, katika mwandiko ule wa sisimizi akaambulia neno 'mtoto' tu, akakifungia ndani ya Biblia.

Tangu siku ile Abrahamu akachota maji yeye, akapika yeye, jambo ambalo Mjimwema ilikuwa haijapata kuliona, na akatembea kifua mbele, fimbo begani kama bunduki. Dorika alikaa mkekani akiletewa uji. Moyoni alijua tumbo halijasogea hata kidogo, ila uji ulikuwa mtamu, na masufuria hakuwa na hamu nayo. Wiki moja zaidi, akajiambia. Wiki moja ikawa tano.

Asubuhi moja ya Jumatano, jua limewaka, Abrahamu akamletea bakuli. Sauti yake ilikuwapo, harufu ya tumbaku ilikuwapo. Uso haukuwapo. Dorika akanyoosha mkono, akamchoma kidole puani.

"Mama Yunisi, vipi?"

"Sikuoni."

"Acha utani."

"Sikuoni, mwenzangu. Weupe mtupu."

Abrahamu akatoka, akarudi na majani ya kukamulia. Dorika akafunika macho kwa viganja vyote viwili. "Thubutu! Nimesikia mwenyewe mtu akifokewa kwa hayo."

Wakiwa katika kuvutana, Yunisi akaingia na kichanga mgongoni, vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. "Mama! Bwana Silvesta kaniuliza mpaka nimeona haya. Daktari anaondoka keshokutwa! Mbona hukwenda?"

"Nyumba hii haitoi watoto," alisema Abrahamu.

"Watoto gani, baba?" Yunisi akachukua cheti kilichokuwa ndani ya Biblia, akasoma kwa sauti: "Mtoto wa jicho, la kulia." Akawavuta wote wawili mlangoni penye mwanga, akamgeuza mama yake uso. "Ni huu utando mweupe, hapa kwenye mboni. Tazama mwenyewe."

Abrahamu akainama, akatazama sana.

"Huyu?"

"Huyo."

"Wiki tano nampikia uji huyu?"

"Usinitazame hivyo," alisema Dorika. "Hata mimi nilishangaa amepitia wapi."

Alhamisi daktari alimtoa. Kisha Dorika akalala chali siku kumi, macho yamefungwa, kichwa katikati ya mifuko miwili ya mchanga, amekatazwa kukohoa, kuinama na, kubwa kuliko yote, kucheka. Kwa hiyo Abrahamu naye akakatazwa kusema.

Siku ya kufunguliwa, nesi akamvalisha miwani minene kama vitako vya chupa. Dorika akaona dirisha. Akaona nzi dirishani, na miguu yake. Akageuka.

"Jamani, huyu mzee ni nani?"

"Mumeo," alisema nesi.

"Wangu ana nywele nyeusi."

"Hizo ulizionea kwenye ukungu wako," alijibu Abrahamu, akamshika mkono.

Nesi akasema jicho la kushoto nalo lina wake, bado kidogo akomae, waje mwakani daktari akirudi. Abrahamu akaomba cheti papo hapo.

"Andika kwa herufi kubwa, binti yangu," alisema. "Na hilo neno 'jicho', litangulie."