Nyembamba au Tofali

Ilipofika Ijumaa alasiri, Unaisi alikuwa amebadili mawazo mara nne, na wifi yake amemchoka mara tano.

"Wifi, nakuuliza kwa mara ya mwisho," Losalini alisema kwenye simu kutoka Brisbane. "Nyembamba au tofali? Maana hata mume hukumchagua kwa kujipinda namna hii, ndiyo maana akakukimbia."

"Yule hakuja na karatasi ya maelezo. Angekuja nayo ningeisoma."

Wakacheka, lakini cha Unaisi kilikuwa kicheko cha mdomoni tu. Chai aliyojitengenezea saa nane ilikuwa imeganda utando hapo mezani pake, ofisini Suva, kule Fiji, haijaguswa.

Nyembamba na tofali zilikuwa laptopu mbili. Majina walizipa wenyewe, kwa sababu majina ya kiwandani yalikuwa na tarakimu nyingi mno na Losalini alikataa katakata kuyakariri. Nyembamba ilikuwa na prosesa mpya kabisa, kioo ambacho ungeweza kuhesabu punje za mchanga ndani yake, diski kubwa, na uzito wa kilo moja na ushee. Memori yake, ile nafasi ya kufanyia kazi, ilikuwa giga thelathini na mbili. Tofali lilikuwa na prosesa ya mwaka juzi, kioo cha kawaida, karibu kilo tatu, na feni ambayo wanunuzi wote walioandika maoni waliilalamikia. Lakini memori yake ilikuwa giga sitini na nne. Bei zilikaribiana. Hela ya ruzuku aliyopewa kwa kazi yake ilitosha kununua moja, na ikishanunuliwa nje ya nchi haina kurudishwa. Basi hapo ndipo usingizi ulipompotea mwanamke wa watu.

Tena hakuwa akitaka kitu cha kuringishia. Kazi ya Unaisi ilikuwa ramani. Anarusha droni juu ya kijiji, droni inapiga maelfu ya picha, kisha kompyuta inazishona zote ziwe ramani moja inayoonyesha kila bonde na kila mwinuko. Kijiji cha Waidovu, ambako maji ya bahari sasa yalikuwa yanaingia hadi jikoni, kilikuwa kinahamia mlimani, na wazee walingoja ramani yake ili wagawe viwanja pasipoporomoka. Picha elfu sita na mia mbili alikuwa nazo. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imejaribu kuzishona mara tatu na mara tatu imekata roho. Ramani isipofika tarehe thelathini, kazi ingechukuliwa na kampuni moja ya Auckland ambayo haijui hata jina la mto wa Waidovu, na Unaisi asingepewa nyingine.

"Nyembamba," akasema.

"Unaapa?"

"Nyembamba, Losa. Praneel amenishauri."

Praneel ndiye waliyegawana naye chumba cha ofisi, meza kwa meza. Alikuwa mchoraji wa majengo, kijana nadhifu, mpenda vitu vyembamba kuanzia simu hadi viatu. Aliposikia anatajwa akainua kichwa, akaweka mkono kifuani kama bwana harusi.

"Mwambie prosesa ndiyo moyo," akasema kwa sauti ili isikike Brisbane. "Memori ni kitu cha kuongeza. Mimi yangu nimeongeza mara mbili, kwa bisibisi ya jikoni!"

"Huyo mwenye bisibisi ameoa?" Losalini akauliza.

"Losa, sikiliza. Kaka anasemaje?"



Kaka alikuwa Apakuki, mume wa Losalini, aliyemtangulia Unaisi mwaka mmoja tumboni. Alifanya kazi kwenye karakana ya kompyuta, akifungua kutwa nzima mashine kama hizi na kuzifunga tena. Katika Fiji nzima na nusu ya Australia hapakuwa na mtu bora wa kumuuliza Unaisi. Na ndiye mtu pekee asiyeweza kumuuliza. Kwao kaka na dada hawasemezani. Wakishabaleghe, basi, neno likiwepo linapita kwa mama, kwa shangazi, kwa wifi. Siku hizi wengi wa Suva wameiacha desturi hiyo na wanapiga soga na kaka zao kama kawaida, lakini nyumba ya akina Unaisi haikuwa ya wengi. Mara ya mwisho kusikia sauti ya Apakuki ikimsemesha yeye, alikuwa na miaka kumi na moja. Na desturi ina upande wa pili: dada akitamka anachotaka, kaka analeta. Habishani wala haulizi kwa nini.

"Nilimsomea jana ile orodha uliyonitumia, Nyembamba ikiwa juu," Losalini akasema. "Akatikisa kichwa."

"Akatikisa vipi? Hivi, au vile?"

"Nakuona kwani? Alitikisa. Kama anavyokitikisa wateja wakileta kompyuta iliyomwagikiwa maziwa."

"Mungu wangu. Sasa si ungemuuliza!"

"Nimemuuliza, wifi, mimi si gogo. Akasema, 'Dada ameshasema.' Nikamwambia hebu sema unavyoona wewe. Akasema, 'Aliyesoma ni yeye.' Akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Mimi nifanye nini? Nyie watu wa nyumba ile mna mambo! Haya, naingia zamu hapa nyumba ya wazee, simu naifungia kabatini mpaka saa tano usiku. Duka linafungwa saa kumi na moja kwa saa za huku. Apakuki anakwenda na shangazi Akosita, na shangazi ndiye anakuletea akirudi Jumapili. Neno la mwisho nimpelekee?"

Unaisi akafumba macho. "Nyembamba."

"Amina," Losalini akasema, akakata.

Ilikuwa saa kumi na moja ya Suva; Brisbane wako nyuma saa mbili. Zilibaki saa mbili duka lifungwe.

Mtu mwenye akili timamu angefunga ofisi akaenda zake nyumbani. Unaisi akabaki anatembea kati ya dirisha na mlango. Kutikisa kichwa, kutikisa kichwa! Kwa nini hakumtumia swali badala ya orodha? Swali lingemfungulia kaka mlango wa kujibu. Yeye akatuma orodha, tena imepigwa mistari, kama anayemwagiza mtumishi sokoni. Orodha ni neno la dada. Apakuki angefanya nini tena zaidi ya kuosha gari?

"Jaribu kwenye ya kwangu basi, roho itulie," Praneel akasema, akimwonea huruma. Kompyuta yake ya mezani, ile ya bisibisi, ilikuwa na giga thelathini na mbili barabara. Unaisi akamwaga picha za Waidovu humo, si zote, theluthi mbili tu, akabonyeza. Mstari ukaanza kutambaa. Asilimia ishirini. Arobaini. Praneel akaanza kupiga mluzi wa ushindi. Hamsini na nane. Kipanya kikawa kizito. Sitini na moja, kioo kikaganda, kisha maneno yakatokea: memori imejaa, kazi imesitishwa.

Mluzi ukakatika.

"Utaongeza nyingine," Praneel akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Unaisi akafungua tena ukurasa wa Nyembamba, akaushusha, akaushusha, akapita picha za kioo na rangi zake, mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo mtu mzima anahitaji miwani. Memori imechomelewa kwenye bodi. Haiongezeki.

"Praneel."

"Naam, dada."

"Imechomelewa."

Praneel akaja, akasoma, akasoma tena. "Ala! Siku hizi wanachomelea?"

"Bisibisi yako iko wapi, nikuchome nayo?"

Saa ilikuwa kumi na mbili na dakika kumi.  Alimtumia Losalini ujumbe: tofali, tofali, nimekosea, tofali. Jumbe tano, na zote zikakaa bila kusomwa, kwenye kabati la nyumba ya wazee huko Brisbane. Shangazi Akosita laini yake ya Fiji haikufanya kazi ng'ambo. Ilibaki namba moja, ambayo Unaisi alikuwa nayo kwenye simu miaka saba na hajawahi kuigusa.

Kuandika? Akaandika "Kaka," akalitazama neno lile hadi macho yakamuuma, akafuta. Kwao kuandika ni kusema. Akajiambia, nikipiga, huenda shangazi yupo karibu akapokea yeye. Si mimi niliyemsemesha. Sitafungua mdomo mpaka nisikie sauti ya shangazi.

Akapiga. Ikaita mpaka ikajikatia.

Akapiga tena, amesimama, mkono mmoja umeshika kona ya meza. Ikaita. Pokea, shangazi, pokea tu, alikuwa anaomba, pokea mama yangu. Ikajikatia.

Mara ya tatu ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ikaita na kuita, na Praneel naye akawa amesimama, amekunja mikono kama yuko mazishini. Hakuna aliyepokea.

Saa moja ikafika. Duka likafungwa. Unaisi akakaa kwenye kiti, akalia kwa hasira. Hasira juu ya Praneel kidogo, juu ya kaka yake kiasi, na juu yake mwenyewe nyingi kuliko zote. Waidovu imekwenda, akajisemea. Nimeiuza kwa kioo kizuri.

Jumapili alikwenda kanisani, asiweze kueleza baadaye kama waliimba au hawakuimba. Alipika samaki kwa tui na majimbi, kwa sababu shangazi anatoka safari na mgeni ni mgeni. Saa nane teksi ikasimama nje, shangazi Akosita akashuka, mwanamke mnene wa miaka sabini na kitu, nguo ya Jumapili, begi moja kubwa kichwani mwa dereva.

Unaisi akatoka mbio kumpokea. Shangazi hakumbusu. Alimwashiria arudi ndani akakae. Kisha akaingia, na badala ya kusogea mkekani palipotengwa kwa ajili yake, akaketi palepale mlangoni, chini, mahali pa mtu mwenye kosa. Mbele yake akaweka fungu la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, lililofungwa kwa utepe.

Unaisi akasahau hata kukaa. Fungu kama lile haliwekwi mlangoni kwa kuamkiana. Linawekwa na mtu anayekuja kuomba radhi, au kwa jambo zito kuliko hilo. Nani amekufa? Kompyuta imeibwa? Imedondoka uwanjani?

"Shangazi, kuna nini? Losa mzima? Watoto?"

"Kaa chini, niseme. Ukinikatiza nitasahau, ni maneno ya kufundishwa haya." Shangazi akainamisha kichwa, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya barazani. "Nimetumwa na kaka yako, Apakuki. Dada alitoa neno. Yeye amelivuka neno la dada, kwa kujua, kwa macho makavu. Hana la kujitetea. Anaomba asitupwe."

Kisha akavuta begi, akafungua zipu, akatoa boksi. Akalisukuma mkekani kwa mikono miwili. Unaisi hakuhitaji kusoma. Boksi lilikuwa nene.

Tofali.

Akaliwekea mkono juu. Alitaka kucheka na kulia, na mdomo ukawa haujui ufuate lipi.

"Lakini nilimpigia," akasema. "Shangazi, Ijumaa nilimpigia mara tatu!"

"Najua, nilikuwepo. Tulikuwa tumeshalipa, tumekaa nje ya duka kwenye gari. Simu ikaita, akaona jina lako. Unajua alifanya nini? Alivua kofia. Nikamwambia lete hiyo simu niongee mimi. Akakataa. Akasema, 'Shangazi, anapiga kukazia ile nyembamba. Nikisikia dada amelirudia, sitaweza tena, itabidi niingie ndani nikaibadilishe. Na ile itamuua kazini.' Basi tukaikodolea macho mpaka ikanyamaza. Mara tatu! Jasho lilimtoka kama anayejifungua."

Unaisi akafungua mdomo. Neno lilikuwa mbele ya ulimi: nilikuwa nataka hilihili, shangazi, nilikuwa napiga kuliomba tofali. Akamwona bibi wa watu amekaa mlangoni na magoti yake mabovu, na fungu la yaqona mbele yake, na nyuma ya fungu lile mwanamume mzima aliyekaa garini kofia mkononi, akaamua kuvunja kwa ajili yake kitu ambacho hajawahi kukivunja maishani. Akilisema lile neno, kaka hatakuwa amevuka chochote. Jasho lote lile litakuwa la bure.

Akalimeza.

"Unapokea au hupokei?" shangazi akauliza, sasa kwa sauti yake ya kila siku. "Maana miguu imekufa ganzi, na samaki ninamsikia harufu kutoka hapa."

Unaisi akasogea, akalishika lile fungu kwa mikono miwili, akaliinua. "Nimepokea," akasema. Akaliweka upande wake wa mkeka, akakunja viganja, akapiga makofi matatu, mazito, kama inavyopasa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Nimpelekee jibu gani?"

"Mwambie asante kwa kutonisikiliza."