Magadi Kwenye Maji ya Mbuna

Mama mkwe wangu alikuwa anatia kitu kwenye maji ya samaki wangu. Sikuwa nimemwona, lakini nilijua, na mtu akishajua jambo la namna hiyo ndani ya nyumba yake hata chai haipiti vizuri.

Naomba nieleweke. Mimi ni fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu hapa Haydom. Lile tangi nililikata na kuligandisha kwa silikoni mwenyewe, futi nne kwa mbili, nikaliweka sebuleni mahali ambapo wenzangu huweka televisheni. Ndani kulikuwa na mbuna kumi na mmoja, wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, ndugu wa perege ingawa wanajiona. Aliniletea Mudathir, mfanyabiashara wa Katesh anayefuata mchele Kyela, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Ndiye aliyenieleza kwamba jike akitaga huyaokota mayai yake na kuyabeba mdomoni, wiki tatu bila kula, mpaka vitoto viweze kuogelea. Miaka mitatu nikawa naamka nakagua makoo yao. Walikula, walipigana, wakanenepa, na hakuna aliyezaa. Wenzangu wa kwaya waliniuliza kama ninafuga au ninatazama tu.

Kisha tope la Mlima Hanang likashuka Jorodom, ile Desemba ya 2023, likachukua nyumba ya mama mkwe na ng'ombe wake saba. Yeye alinusurika kwa sababu usiku huo alilala kwa mdogo wake. Mke wangu Verediana akamleta kwetu. Alifika na shuka moja na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, na mfuko huo hakukubali mtu amshikie.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Asubuhi nilimpa shikamoo nikiangalia ukuta, akanipa marahaba akiangalia mlango, na neno lingine lolote lilipitia kwa Verediana. Kwa hiyo sikuongea naye, nilimchunguza tu. Wiki ya kwanza nilimsikia akimuuliza binti yake, "Hawa hawakamuliwi, hawachinjwi. Wanafanya nini humu ndani?" Verediana alicheka. Mimi sikucheka. Siku iliyofuata bibi akachukua kigoda, akakiweka mbele ya tangi, akakaa hapo mpaka jioni. Na kesho yake vilevile. Mtu hakodolei macho kitu asichokipenda mchana kutwa bila sababu, nilijiambia.

Mwezi wa tatu nikaona unga mweupe kwenye ukingo wa kioo. Kidogo tu, kama uliodondoka vidoleni. Sikuthubutu kuonja. Nilifikiria sumu ya panya, nikafikiria dawa za kuogeshea ng'ombe, nikalala na hayo. Asubuhi nilitega uzi mweusi wa cherehani kwenye mfuniko wa tangi, mwembamba, huwezi kuuona usipoujua. Niliporudi jioni uzi ulikuwa umekatika. Nikatega mwingine, nao ukakatika. Nakiri kwamba nilifurahi. Ubaya wa kushuku ni huo, ukipata ushahidi unafurahi kama umeokota kitu.

Siku hizohizo jike mmoja, yule wa njano ninayempenda kuliko wote, akaacha kula. Nilimwaga chakula, wenzake wakakigombania, yeye akajificha nyuma ya jiwe. Alikonda. Nilimwangalia mara moja tu kila asubuhi, kisha macho yangu yakarudi kwa bibi na mikono yake. Makoo ya samaki, niliyoyakagua kwa miaka mitatu, sikuyakagua tena.

Jioni moja nilimfuata mke wangu jikoni.

"Verediana, muulize mama yako anatia nini kwenye maji."

"Muulize wewe."

"Unajua kabisa siwezi kumuuliza."

"Basi na kumshuku usiweze." Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka. "Mama yangu amepoteza kila kitu, Sylvester. Leo umwone mchawi wa samaki?"

"Sijasema mchawi. Nimesema anatia kitu. Samaki wangu anakufa." Sauti ikanipanda. "Kama hapa hapampendezi, aende Hirbadaw kwa kaka yako Yonas. Ana mtoto wa kiume, akakae kwa mwanawe."

Jiko letu ni la mabati na limeegemea ukuta wa sebule. Kijiko kikianguka jikoni aliye sebuleni anasikia. Upande wa pili wa ukuta kigoda kikasogezwa. Nilikula nikiwa na aibu, lakini aibu haikunizuia. Nilikuwa nimeshasema, na sasa nilitaka ionekane kwamba nilisema kweli.

Kesho yake saa nne nikamwachia fundi mwenzangu karakana, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikasimama nyuma ya dirisha la sebule. Nilimwona kwa macho yangu. Alifungua ule mfuko, akachukua kiasi cha kuingia kati ya vidole vitatu, akainua mfuniko, akanyunyiza. Midomo yake ilikuwa inacheza kama anayemwambia mtu jambo.

Niliingia bila hodi. Sikumwambia kitu, hata wakati ule mwiko ulinishika. Nilichota maji safi ya mvua kwenye ndoo, nikachukua wavu, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kumwokoa yule wa njano kabla sumu haijammaliza. Alikimbia nyuma ya jiwe, nikaling'oa jiwe. Alikimbilia kona, nikambana kwenye kona.

"Mwache!" mama mkwe alipiga kelele. "Mwache, ana watoto!"

Nilikuwa nimeshamnyanyua. Samaki alijipinda ndani ya wavu, akafungua mdomo, na vikatoka vitoto, vyeusi vyeusi, kila kimoja na macho mawili na mkia, ishirini au zaidi, vikaanguka majini katikati ya wenzake. Wale wakubwa hawakungoja, wakavidaka na kuvimeza. Nilipiga maji kwa mkono, nikatukana, nikapiga tena. Nilipoacha, hapakuwa na kitoto hata kimoja.

Nilimrudisha mama yao. Alizunguka chini kwenye mchanga, taratibu, kila hatua akifungua mdomo na kusubiri. Alifanya hivyo kwenye kona, akafanya mahali jiwe lilipokuwa, akarudi kwenye kona. Ndivyo wanavyowaita watoto waingie. Hilo pia nilikuwa nimeambiwa na Mudathir, na nilikuwa nalijua.

"Nilimwona akiyaokota mayai," mama mkwe alisema. Aliongea na mimi, si na ukuta. "Siku kumi na tisa zimepita. Nikamwambia Verediana asikwambie, uone mwenyewe ufurahi."

"Na huo unga?" niliuliza.

Aliniwekea mfuko mkononi. Niligusisha ulimi. Magadi ya Ziwa Balangida, yale tunayowalambisha ng'ombe tangu tukiwa watoto, mtoto yeyote wa Mbulu angeyajua. Niliyaogopa kwa karibu wiki tatu. Baadaye nilipompigia Mudathir alisema maji yetu ya mvua ni laini mno kwa samaki wa ziwani, na chumvi kidogo ya ardhini ndiyo waliyoikosa miaka yote mitatu. Bibi hakujua habari za ziwa. Alijua tu kwamba mfugo usiozaa unapewa magadi.

"Niliyanunua mnadani Jumamosi," alisema. "Asubuhi ya Jumapili nikawapelekea ng'ombe wangu. Nikatembea juu ya tope nawaita kila mmoja kwa jina lake." Alikuwa anamtazama yule samaki. "Hivyohivyo anavyofanya huyu."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka kumwambia hii nyumba ni yako, kaa, sahau ya jana. Lakini sikuwahi kumwambia huyu mama sentensi nzima maishani mwangu, na hiyo ya kwanza sikujua naianzia wapi, nikabaki nimesimama, maji yakinitiririka mkononi mpaka kwenye zulia.

Alikiinua kigoda, akakirudisha mahali alipokitoa siku ile, pembeni ya kabati.

"Baba," aliniuliza kwa upole, "basi la Katesh linaondoka saa ngapi?"

Ndilo basi la kwenda Hirbadaw, na linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Linapiga honi mbele ya nyumba yetu kila siku.

"Sijui, Mama," nilisema.

"Haya," alisema, akaenda kukunja shuka lake.