Mkaza Mwana Chumbani kwa Baba Mkwe

Kisanduku cha stima katika nyumba ya Mzee Omosa, nje kidogo ya Ogembo, kilipigiliwa ukutani chumbani mwake mwenyewe, juu ya kichwa cha kitanda. Alitaka hivyo tangu siku umeme ulipoingia, ili wa kuuwasha na kuuzima awe yeye peke yake. Wanaume wengine hata taa wanataka ziwaombe ruhusa.

Sasa, chumba hicho kwa Wakisii hakiingiwi na mkaza mwana. Hiyo ndiyo chinsoni, haya na heshima baina ya wazazi na watoto wao wakubwa. Mwana aliyekomaa haingii chumbani kwa babake, na mke wa mwana ndiyo kabisa, asithubutu. Nyakerario, mke wa Abner, alikuwa ameishi katika boma hilo miaka sita bila kujua hata rangi ya pazia la humo.

Lakini hakuhitaji kuingia ili ajue kwamba breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, imeharibika. Kabla ya kuolewa aliuza katika duka la vifaa vya umeme Ogembo, na masikio yake hayakuwa ya pambo. Mama mkwe alimweleza jikoni kwamba swichi ile huanguka hata kama imewashwa taa moja tu, na ukiinyanyua inalegea kama jino bovu. Taa nazo zilififia na kung'aa bila kuguswa. Tena ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Kwa upande wa ukumbini, ubao mmoja ulikuwa umeanza kuota doa la kahawia, na kila wiki doa lilikua. Nyakerario aliweka kiganja hapo, akakuta pana joto na harufu ya plastiki inayoungua.

Alimwambia mumewe, mumewe akamwambia baba. Mzee Omosa akacheka. Alikuwa ameendesha lori la majani chai miaka thelathini, na kwake neno breka lilikuwa breki tu.

"Breki ikishikashika bure, unailegeza," alisema. Akachonga kijiti cha mkaratusi, akakikaza chini ya swichi ili isianguke tena. Habari ya fundi hakutaka kuisikia. Mtu wa nje aje kukanyaga chumbani mwake kutafuta nini?

Jumapili hiyo walikuja wageni kutoka Birongo kumposa Celestine, kitinda mimba wa nyumba. Mvua ya alasiri ikashuka, ukumbi ukawa giza, na Mzee akaamuru kila kitu kiwashwe ili wageni waone wamefika kwa watu. Taa zote, televisheni, redio kubwa, friji, na birika la umeme la kuchemshia chai.

Nyakerario alikuwa akiandaa vikombe aliposikia kitu kikitatarika nyuma ya ubao, kama mafuta yanayokaangiwa kitu chenye maji. Kisha kimoshi chembamba kikapenya kwenye doa. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wameketi humo na mlango mmoja wa kutokea.

"Mwambie Tata azime," alimnong'oneza Abner.

Abner akainama sikioni mwa babake. Mzee hakugeuka hata shingo. "Baada ya chai," alisema.

Baada ya chai! Nyakerario akaviweka vikombe chini kwa hasira. Kumbe watu waungue kwa adabu, vikombe mkononi, ili mzee mmoja asiaibike? Liwalo na liwe. Akavuka ukumbi mbele ya wageni wote, akasukuma mlango usiosukumwa, akaingia.

Hata hasira haikumpotezea akili. Ndara zake zilikuwa zimelowa mvua, akazivua na kuvaa sandali kavu za mpira za mama mkwe zilizokuwa chini ya kitanda. Akafuta mikono kwa leso hadi ikakauka. Breka yenye kijiti hakuigusa. Aliishusha swichi kuu, na nyumba nzima ikanyamaza.

Mzee Omosa alifika mlangoni akihema, akakwama hapo hapo.

"Toka!"

"Sitoki, Tata. Nikitoka utawasha."

"Nasema toka kwa hiyo chumba!"

"Wewe uliendesha lori. Ungeshuka mlima na breki umefunga na kijiti?"

Mzee aliunyanyua mguu lakini hakuvuka kizingiti. Hapo ndipo Nyakerario alipoelewa, na karibu acheke: ile chinsoni iliyomzuia yeye miaka sita ilimzuia na mzee pia. Hangeweza kuingia chumba cha kulala alimosimama mke wa mwanawe. Abner naye hangeweza. Basi akaketi juu ya sanduku la nguo, akapiga simu kwa Okoth, fundi mwenye leseni aliyekuwa mteja wa duka lile.

Mzee akamtuma mkewe aende kumtoa. Mama aliingia amekunja uso. Akatazama kijiti, akaweka kiganja kwenye ubao juu ya mto wake mwenyewe, akakiondoa haraka.

"Mwezi mzima nanusa hii kitu," alimwambia mumewe. "Unaniambia ni pua yangu." Kisha akafunga mlango kwa ndani, akaketi kando ya Nyakerario.

Okoth alifika na pikipiki, maji yakimtiririka, na Mama akamfungulia mlango. Alipima kwanza kuhakikisha hakuna umeme, akafungua kisanduku, akaitoa breka na kuiweka juu ya meza mbele ya wageni. Mgongo wake ulikuwa umeyeyuka. Waya uliofungwa hapo ulikuwa mtupu na mweusi.

"Breka nzima, Mzee, hata ukiishikilia na mkono itakata tu. Hii ilishakufa. Ulikuwa unashikilia maiti," Okoth alisema. "Naweka ingine saizi ile ile, na hiyo waya nabadilisha. Usiniambie niweke kubwa ndiyo isianguke. Hiyo sifanyi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mzee Omosa aliisukuma ile breka kando, akatafuta palipobaki cheo chake.

"Hata kama," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Mkaza mwana ameingia chumbani kwangu. Atatoa mbuzi wa kukisafisha."

Abner aliinamisha kichwa. Nyakerario hakuinamisha.

"Nitatoa, Tata. Mbuzi ni haki yako," alisema. "Lakini moto ukiwaka humo tena nitaingia tena, hata kama umelala uchi. Niambie tu nianze kufuga wangapi."