Gauni la Fundi Sare

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Sare alishona kila nguo ambayo mtu huivaa kwa sababu ameambiwa aivae. Sare za shule, magauni ya manesi, mashati ya walinzi, makoti meupe ya wapishi, majoho ya kwaya. Jina lenyewe alipewa na fundi viatu wa mlango wa pili, likamkaa mpaka hata mkewe akiwa na haraka humwita hilo hilo. Ungemwomba akushonee nguo ya kutokea, angekupima vizuri, angeandika vipimo kwenye daftari, na siku ya kuchukua ungepokea nguo safi, iliyonyooka kila mshono, ambayo ukipita nayo mahali watu wangekuomba uwafungulie geti.

Alilijua hilo, na kwa wateja halikumsumbua kichwa. Lilimuuma kwa mtu mmoja tu, naye ni bintiye.

Binti huyo alipokuwa mdogo alivaa mabaki. Kitambaa kilichosazwa na manesi ndicho kilichokuwa gauni lake la kutokea, buluu mpauko na kola nyeupe. Kilichosazwa na walinzi kilikuwa sketi ya kuchezea. Fundi alishona kwa mapenzi yake yote, akapiga pasi, akasimama mlangoni kumtazama akienda. Kumbe huko mbele ya safari wenzake walikuwa wakimwita Nesi. Walimpangia foleni uwanjani, wakamwonyesha magoti yaliyochubuka na kumuuliza dawa ni kutwa mara ngapi. Alipofika miaka kumi na minne aliingia na lile gauni amelikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Baba, nashukuru. Ila sitavaa tena nguo inayotoka kwenye cherehani hii."

Angelia au angefoka, fundi angejua la kufanya. Alisema taratibu, kwa adabu zote, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, na kwa miaka kumi na sita alishika neno lake. Aliolewa na nguo ya dukani. Aliajiriwa kwenye ofisi ya maji na kupanda cheo na nguo za dukani. Si kwamba hawakupendana. Walitaniana, walikula pamoja kila Jumapili, na akiugua mmoja mwenzake halali. Lakini kila alipoingia ndani, jicho la fundi lilikimbilia mshono wa bega lake, likaona ulivyoshuka, na mdomo ukafungwa. Mabega mabovu aliyoyameza mzee huyu kimya kimya, mtu mwingine yangemletea vidonda vya tumbo.

Basi siku binti alipokuja katikati ya wiki, saa nne asubuhi, na mfuko wa kitambaa mkononi, fundi alidhani kuna msiba.

Hapakuwa na msiba. Palikuwa na picha kwenye simu. Lilikuwa gauni la mbunifu mmoja mwenye jina kubwa, limevishwa sanamu kwenye dirisha la duka lenye vioo vitupu, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu aulize mara mbili kisha aage. Binti alishaaga mara mbili. Alikuwa ameteuliwa mkuu wa kitengo, na baada ya wiki tatu angesimama mbele ya wafanyakazi wote na wakubwa wao, aseme maneno machache, atazamwe kuanzia kichwani hadi miguuni. Kitambaa alikuwa amekinunua mwenyewe, kijani kibichi cha kukolea, kizito, chenye kuteleza. Alieleza yote hayo akiutazama ukuta.

"Sitaki sare, Baba. Nataka hili. Unaliweza?"

"Naliweza," fundi akajibu, kabla hajaitazama picha sawasawa.

Alipobaki peke yake akaitazama kwenye simu yake, alikotumiwa na bintiye, na jasho likamtoka. Fundi viatu, ambaye masikio yake hayakuwahi kufunga kazi mapema, alikuja akaegemea mlango na kutabiri kwamba mheshimiwa atapanda jukwaani na filimbi shingoni. Fundi Sare alijua kwamba akiharibu safari hii hakutakuwa na nyingine, na kwamba bintiye ataisifu kazi, atalipokea gauni kwa mikono miwili, kisha siku ya hafla atavaa kitu kingine. Angeweza kuvumilia kuchekwa na mtaa mzima. Hilo la mwisho hakuliweza hata kulifikiria mpaka mwisho.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na ukuta wake mmoja ulikuwa umejaa karatasi za kukatia. Zilikuwa za kaki, ngumu, zimetobolewa juu na kutundikwa kwenye misumari, kila moja na jina lake kwa kalamu nene: Nesi kifua, Nesi mgongo, Mlinzi kola, Kwaya mkono, Mpishi, Darasa la Nne sketi. Alikwenda kuichapisha ile picha ikawa kubwa, akaibandika katikati yake. Siku mbili aliitazama kama mtu aliyepewa barua kwa lugha asiyoijua. Siku ya tatu, akiwa anakunywa chai amesimama, aliweka kikombe chini.

Ile kola iliyosimama ilikuwa ya mlinzi, imepunguzwa tu. Ile mikono mipana iliyobanwa kifundoni ilikuwa ya kwaya. Kifua kilichofunga kwa upande, vifungo vimefichwa, kilikuwa cha nesi, kitupu kabisa, hata hakikujificha. Na yale marinda ya sketi, yaliyompendeza kila aliyepita dirishani, aliyashona maelfu kwa watoto wa darasa la nne. Mbunifu mwenye jina lake kubwa, huko aliko, alikuwa akiwauzia matajiri sare.

Fundi alicheka peke yake mpaka mkewe akaja kuchungulia. Akamwonyesha picha, akamwonyesha ukuta, kidole kikaenda na kurudi. Mkewe aliangalia kwa makini, akasema kama ni hivyo basi afanye haraka, kwa sababu mtoto alishalipia kitambaa.

Kujua ni jambo moja. Mkono wa kwaya ulikuwa umekatwa ili mtu mzima aweze kuinua mikono yote miwili bila joho kupanda, na tundu la bega la nesi lilikuwa dogo, la mtu anayeinama siku nzima. Ukiviunganisha, mkono unafura begani kama mto. Kwenye picha bega lilikuwa limelala. Fundi alichukua karatasi mpya, akachora mkono upya, akaupasua kwa juu mara tatu na kuulaza kipande juu ya kipande mpaka juu pakawa pembamba na chini pakabaki papana. Akaushona kwa shuka kuukuu. Ukafura. Akaupasua tena. Zilikwenda siku tano na shuka mbili, na wanafunzi wa shule moja wakaambiwa warudi Jumatatu.

Alipomwita bintiye kumpima, aligundua kwamba mkono wake umeshika futi lakini hauendi. Vipimo vya mwisho alivyokuwa navyo vya mtu huyu vilikuwa vya miaka kumi na minne, na alivijua kwa moyo kuliko namba yake ya simu. Alianza na bega. Alitaja namba kwa sauti, mkewe akaandika, na kila namba iliyotoka ilikuwa ya mwanamke asiyemfahamu bado. Alikuwa na furaha. Alijitahidi isionekane, akakaza uso kama anapima askari, na mkewe akaandika namba huku akitabasamu daftarini.

Akiwa amevaa gauni la majaribio la shuka, binti alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Bega alilikubali. Kiuno alikikubali. Kisha akagusa shingo.

"Kola, Baba. Inauliza watu wanakwenda wapi."

Fundi akaishusha kidole kimoja na kuilegeza kidogo kwa mbele, na ulinzi ukaisha hapo hapo. Wakatazamana kwenye kioo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi wawili hao kuzungumza juu ya nguo bila mmoja wao kuangalia pembeni.

Kitambaa chenyewe alikikata asubuhi moja mlango ukiwa umefungwa, redio imezimwa, fundi viatu ameombwa asigonge nyundo kwa nusu saa. Nyundo ikanyamaza, jambo ambalo wapita njia walilishangaa. Kuanzia hapo ilikuwa cherehani, pasi, cherehani, pasi. Akili yake yote ilikuwa kwenye kola na mikono, na vifungo vilivyotakiwa kujificha bila kutuna. Sehemu nyingine, ile mishono mirefu ya ubavuni na pindo la chini, aliziachia mikono yake ijiendee. Mikono ilizijua kazi hizo bila yeye.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya hafla, binti aliingia chumba cha ndani na gauni, akatoka amelivaa. Mama mtu alishika mdomo. Fundi viatu, aliyekuwa amekuja kuazima mkasi ambao anao, alitazama, akatafuta utani, akakosa, akaenda zake bila mkasi. Bega lilikuwa limelala. Marinda yalitembea alipotembea, yakatulia aliposimama. Lilikuwa ni lile gauni la dirishani, na halikuwa hilo, kwa sababu lile lilishonewa sanamu na hili lilishonewa yeye.

Binti alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto. Mama yake akakumbuka chungu kilicho motoni, akakimbilia jikoni. Ndipo binti, ambaye alikulia chini ya meza ile ya kukatia na kujua kwamba nguo husomwa kwa ndani, akainama na kufunua pindo.

Ndani pindo lilikuwa limekunjwa vidole vinne. Akapapasa ubavuni. Vidole viwili vya kitambaa kila upande, vimelazwa vizuri, vimeshikwa kwa mishono mirefu ya kufumulika haraka.

"Hii yote ya nini, Baba?"

Fundi akasogea, akatazama, na moyo ukamshuka. Kwa miaka ishirini na sita kila mzazi aliyemleta mtoto kushonewa sare alisema neno lile lile, fundi acha nafasi ya kukua, ili nguo imfae mpaka mwakani. Mikono ilishazoea, haikungoja tena kuambiwa. Wakati yeye anahangaika na kola, mikono hiyo ilikuwa imemshonea mwanamke wa miaka thelathini, mkuu wa kitengo, kana kwamba anakwenda kuanza darasa la kwanza.

"Nafasi ya kukua," alisema.

Alingoja acheke. Aliogopa zaidi kwamba hatacheka, kwamba atashukuru. Ile adabu ya siku ile ilikuwa karibu kabisa, aliisikia inakuja. Akachukua mkasi mdogo wa kufumulia.

"Vua, mama. Dakika kumi tu, nazikata zote. Hutajua kama zilikuwepo."

Binti akamshika mkono wenye mkasi.

"Pindo kata, urefu sina wa kuongeza. Za ubavuni ziache."

"Zitatuna. Zitakuonyesha mnene."

"Nitanenepa tu, Baba. Kabla ya mwaka kwisha utazifumua zote, na huenda zisitoshe."

Fundi Sare alikuwa mwepesi wa hesabu za kitambaa na mzito wa hesabu nyingine zote. Alizitazama mbavu za gauni. Akautazama mkono wa bintiye uliokuwa bado umeshika wake. Kisha akauweka mkasi mezani taratibu, akavuta kigoda, akakaa.

"Mama yako anajua?"

"Bado. Ukimtoa mkweo, wewe ndiye wa kwanza."

Alitaka kusema neno. Yalimjia mengi kwa pamoja, na machozi yakapata njia kabla ya maneno. Alishika upindo wa lile gauni la kijani, akaanza kuunyoosha kwa kidole gumba mahali ambapo haukuwa na kosa. Binti alimwacha aunyooshe.

Kutoka jikoni mkewe akauliza kwa sauti mbona kimya, au gauni limekataa. Fundi akafuta macho kwa kiganja, akamtazama bintiye amsaidie.

"Limekubali, Mama," binti akajibu kwa niaba yake. "Njoo, tuna neno. Silivui mpaka uje."