Likizo ya Masika, Maskati

Waliohudhuria kikao cha alasiri ile walikuwa hawa: Bibi Shaikha, mwenye nyumba; binti yake Sayyida; mume wa Sayyida aitwaye Mahfoudh, karani wa forodha; watoto wao Nasriya, wa miaka kumi na mitatu, na Majid, wa miaka kumi; na dada mkubwa wa Mahfoudh, Masouda, ambaye ndiye aliyeitisha kikao. Thabit, kitinda mimba, alikuwepo kwa mwili tu, maana usingizi ulikwisha kumchukua juu ya zulia. Mahali palikuwa sebule ya juu, Maskati, ndani ya ukuta wa mji. Ilikuwa juma la kwanza baada ya Idi, mwanzoni mwa mwaka 1968.

Masouda hakuweza kutulia. Alikaa, akanyanyuka, akanyoosha pembe ya zulia ambayo ilikuwa imenyooka tangu asubuhi, akakaa tena. Mapajani alishika karatasi kubwa ya kufungia bidhaa, ambayo nyuma yake alikuwa amechora mwaka mzima kwa rula, miezi ikishuka upande mmoja na majina ya watoto yakipita juu.

Alikuwa mwalimu wa kusomea. Chuoni Unguja alifundishwa kwamba mwalimu asiyejua mwezi wa kumi atafundisha nini, basi hata la leo analibahatisha. Lakini tangu mapinduzi yawaangushe katika mji huu, miaka yote hiyo alikuwa akibahatisha. Leo hesabu, kesho wageni. Leo imla, kesho homa. Shule ya serikali mjini ilikuwa ya wavulana, tena nafasi zake za kugombaniwa, na Majid hakupata. Ya wasichana haikuwepo kabisa. Kwa hiyo shule ya watoto hawa ilikuwa ghala ya chini, na ubao ulikuwa upande wa ndani wa mlango wa ghala, uliopakwa masizi.

Mwaka huu mambo hayakuruhusu tena kubahatisha. Mwezi wa tisa Majid angepelekwa Kuwait kwa ami yake Harub, akafanye mtihani wa kuingia shule. Na Nasriya, ikirudi tena Idi ya Ramadhani, angekwenda Samail, huko bara, kukaa na ndugu yake Bibi Shaikha, aliyepofuka macho na kuhitaji msichana wa kumshika mkono. Huko hakukuwa na mwalimu wala ubao. Mtoto huyu anayejua kusoma lakini bado anajikwaa kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo, anayeandika Kiingereza cha sentensi fupi fupi, angebaki vivyo hivyo alivyo. Kila Masouda alipoliwaza hilo, vidole vyake vilitafuta kitu cha kunyoosha.

"Dada, tusomee basi," alisema Mahfoudh. "Umetukalisha kama tunangoja hukumu."

"Asome Majid. Ni zoezi."

Majid aliichukua karatasi kwa madaha, akakohoa kama khatibu. "Mwezi wa kwanza hadi wa tatu: marudio. Thabit, herufi. Majid, kugawanya. Nasriya, sehemu. Kundi moja likiandika, jingine linasoma kimya, la tatu liko na mwalimu ubaoni." Akaruka mstari. "Mwezi wa nne na wa tano: likizo ya masika."

"Ya nini?" aliuliza Bibi Shaikha.

"Ya masika, Bibi."

Bibi Shaikha alikaa Unguja miaka michache tu ujanani mwake, lakini masika aliyakumbuka. Alitazama dirishani, kwenye jabali lililoungua kwa jua, kisha akamtazama Masouda kwa huruma ya kuigiza.

"Mwanangu, kunanyesha wapi? Nionyeshe nami nikatandaze mikono."

Sayyida alificha uso kwa mtandio. Majid hakuficha. "Tutafunga shule kwa ajili ya matope!" alisema, akacheka hadi Thabit akageuka upande wa pili.

Masouda alikuwa amepiga mistari ile kwa uangalifu, akaipitia mara mbili, na bado mkono ulikuwa umeuandika mwaka wa Unguja, ambako mwezi wa nne njia hugeuka mito na watoto hukaa majumbani. "Nitalisahihisha," alisema. "Endelea."

"Mwezi wa sita, wa saba na wa nane: masomo mazito, asubuhi na alasiri, wote."

Hapo hata Sayyida aliacha kujificha. "Wifi yangu! Mwezi wa sita utamfundisha nani, kuta? Hiyo si kaidhi? Nyumba nzima tuko Sib kwenye tende."

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Ilipoingia kaidhi, msimu wa tende, na joto likawa halivumiliki, wanawake na watoto walipakiwa kwenye lori pamoja na magodoro na sufuria, wakaenda kukaa katika bustani ya mitende ya Bibi Shaikha huko Sib, pwani nje ya mji, hadi tende zikatwe na kuanikwa. Mahfoudh alibaki mjini kwa sababu ya kazi, na Masouda alibaki kumpikia. Hakuwahi hata siku moja kulala Sib, na kwa kuwa hakuwahi, bustani ile haikuwa na mahali katika kalenda ya kichwa chake.

Mahfoudh hakucheka. Aliichukua karatasi kutoka kwa mwanawe, akaitazama kwa jicho la karani.

"Hebu tusiitupe," alisema. "Kosa lenyewe limetusaidia. Wao waende Sib. Wewe ubaki hapa nami kama kawaida, na Majid abaki nawe. Miezi mitatu peke yake na mwalimu, mpaka siku ya safari. Nani Kuwait atamshinda?"

"Baba, na joto hilo!" alilia Majid.

"Utatoka jasho na akili."

Lilikuwa pendekezo zuri. Masouda aliliona zuri, na ndiyo maana lilimtia wasiwasi. Alisimama tena, akaenda dirishani bila haja. Miezi ile ndiyo aliyokuwa ameiwekea yale mazito yote, kwa sababu yalihitaji mfululizo usiokatika.

Nasriya alikuwa akizungusha kahawa. Alimjazia baba yake, akamjazia bibi yake, akabaki ameshika dele.

"Shangazi," alisema, "hapo mwezi wa sita, mimi nitaandikwa wapi?"

Mahfoudh alikunja karatasi mara moja, akaikunjua.

"Wewe utakuwa na mama yako," alisema kwa upole. "Una mpaka mwezi wa tano, si kidogo."

"Mpaka mwezi wa tano na wengine wawili ghalani," alisema Nasriya. "Nimeelewa, baba." Akainama kumjazia mama yake kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, kahawa ikamwagika kwenye sahani.

"Mtoto huyu ana ulimi," alisema Bibi Shaikha, lakini hakusema kwa ukali.

Masouda aligeuka kutoka dirishani. "Wifi, niambie kweli. Huko Sib mchana mnafanya nini?"

"Mchana?" Sayyida alifikiri. "Alfajiri tunaokota tende, tunapika. Jua likishakuwa kali, hakuna mtu anayetoka. Tunalala, tunaamka, tunasemana, tunalala tena. Wallahi, mtu huchoka kwa kupumzika."

"Mpaka alasiri?"

"Mpaka alasiri. Kila siku."

"Na mahali pa kukaa?"

"Banda la makuti, kubwa kuliko sebule hii," Bibi Shaikha aliingilia. "Upepo unapita. Nna mikeka tele. Kwani unataka kuhamia?"

Saa hizo za kulala na kusemana zilikuwa nyingi kuliko ratiba yoyote aliyowahi kupewa tangu atoke chuoni. Mbele yake alimwona Majid na miaka yake ya shule huko Kuwait, mwalimu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ubao wa kweli. Kisha akamwona Nasriya akimshika mkono bibi kipofu kutoka chumba hadi chumba. Moyo uliokuwa ukimpiga kama mtu aliyechelewa ulizidi kupiga, ila sasa alijua unakokwenda.

"Lete karatasi, Mahfoudh."

"Dada, usifanye haraka. Fikiri mtihani wa mtoto."

"Nimefikiri. Nina juma zima sijafikiri jingine."

"Na mimi nani atanipikia?"

"Forodha nzima ina wanaume wasiokufa njaa. Waulize wanavyofanya."

Bibi Shaikha aliangua kicheko, na Mahfoudh, ambaye tangu utoto hakuwahi kumshinda dada yake kwa maneno, alimrudishia karatasi. Masouda aliigeuza, akaiweka sakafuni upande usioandikwa. Hakukaa. Aliwaita watoto kwa majina, hata Thabit, ambaye aliamshwa na kuketishwa akiwa nusu usingizini, kisha Masouda akasubiri hadi wote wakamtazama.

"Kuanzia kesho hadi mwisho wa mwezi wa tano," alisema, "hakuna likizo ya mvua. Asubuhi ni za Majid, na nitambana mpaka alie. Nasriya atamfundisha Thabit herufi, na jioni nitamsahihisha Nasriya. Mwezi wa sita napanda lori pamoja nanyi kwenda Sib, na saa zote za mchana, kaidhi yote, ni za Nasriya. Majid anaweza kuja akakaa nyuma, akasikiliza, akafanya mazoezi nitakayompa. Au abaki mjini na baba yake. Hilo waamue wao. Langu nimekwisha kuamua."