Tangi la Maji Chumvi

Nazneen alizaliwa Kilindoni, kisiwani Mafia, akaolewa Kibiti, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuzoea kukaa mbali na bahari. Mumewe, Qusai, alikuwa na duka la vyakula kando ya barabara ya Lindi. Fatima, binti yao wa pekee, alipoolewa Dar na nyumba ikapoa, Nazneen aliagiza tangi kubwa la kioo, pampu na taa ya buluu, akaviweka sebuleni. Qusai alicheka, akasema watu wa Kibiti wakitaka kuona samaki huenda sokoni.

Maji aliletewa na Mtoro, mwenye boti ya injini kule Mbwera. Mtoro aliyachota nje kabisa ya delta ya Rufiji, akayaleta kwa madumu pamoja na samaki wadogo na vipande vya matumbawe vilivyong'olewa na mawimbi. Nazneen alijifunza mwenyewe kuyatunza. Alipima chumvi, akakwangua ukoko wa kijani kwenye kioo, na joto lilipozidi alielekeza feni juu ya maji huku yeye akiloa jasho. Alizika samaki wengi chini ya mpapai. Hata hivyo matumbawe yalishika, yakaanza kutanuka, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wakapata pa kujificha.

Ndipo ikaja masika iliyoufurisha Rufiji. Umeme ulikatika, betri ya akiba ikaisha nguvu, pampu ikanyamaza. Nazneen akakaa kwenye kigoda, akawa anachota maji kwa bakuli na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Qusai alimpokea bakuli mkono ulipomfa ganzi. Hakucheka tena. Umeme uliporudi, matumbawe yalikuwa yameanza kupauka, na yalihitaji maji mapya haraka.

Mtoro alileta madumu. Nazneen akaonja, akapima. Ladha ilikuwa imefifia, chumvi yake haikufika hata nusu ya kawaida. Mtoro akaeleza kwamba alikwenda mbali kuliko siku zote, na huko kote alikuta maji ya mto, ya rangi ya udongo, yenye magogo na migomba iliyong'oka. Nazneen akayaacha madumu uani.

Siku iliyofuata, wakati Nazneen yuko chumbani anaswali adhuhuri, Qusai alitoka dukani na pakiti za chumvi ya mezani. Alikoroga chumvi katika yale maji ya madumu mpaka akaona yanafanana na ya bahari ulimini, akayamimina tangini. Alidhani amemtua mkewe mzigo. Nazneen alipotoka, alimkuta amesimama mbele ya kioo, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, na maji meupe kama ya kuoshea mchele.

"Nimeweka chumvi," Qusai alisema. "Nilitaka wapone."

Nazneen aliziona pakiti tupu sakafuni. Alijua hawaponi; chumvi ya mezani si chumvi ya bahari. Alimpa mumewe taulo, akamwambia akajifute, kisha akapandisha mikono ya baibui na kuanza kuwatoa samaki. Jioni hiyo matumbawe yalitoa utelezi na kunuka. Samaki mmoja alikufa. Wa pili alimweka kwenye ndoo, ndani ya akiba ndogo ya maji ya zamani, akampigia Mtoro simu aje amrudishe baharini.

Mtoro alifika, akachungulia ndooni, akatikisa kichwa.

"Mama Fatima, siwezi kukudanganya. Nikimwachia kule mlangoni mwa mto nitakuwa nimemuua tu. Labda afike Mafia, na kwa hali hii hakuna boti inayovuka."

Nazneen akamshukuru, akampa chai. Samaki alizunguka ndooni siku mbili, siku ya tatu akalala ubavu.

Walikausha tangi, wakalisugua. Mtoro alipopita tena, mvua zikiwa zimekatika, alisema maji ya bahari bado hayajarudiwa na chumvi vizuri, na hata kamba wamehama. Usiku mmoja wakila Qusai alimwambia mkewe kwamba tangi bado zima, pampu nzima, wangeweza kuanza upya. Safari hii hatagusa kitu.

Nazneen alimmegea mkate, akauweka kwenye sahani yake.

"Kwa maji ya wapi?" aliuliza.

Wakaendelea kula.